Mlangoni, Ngazini na Juu ya Keria: Tuliyojifunza kwa Wanaoumia Nje ya Gari

Konda wa Hiace ana kiti chake. Ni kile kidogo cha kukunja, ubavuni mwa mlango. Ukisimama Kabwe au Mafiati, jijini Mbeya, jioni, watu wakitoka Mwanjelwa na vifurushi, utaona kiti hicho kimekaliwa na abiria aliyelipa nauli. Konda yuko nje: mguu mmoja kwenye kizingiti, wa pili hewani, mkono mmoja umeshika mfereji wa bati juu ya mlango, mwingine umebana noti katikati ya vidole. Nauli ya kiti hicho, ukiijumlisha kwa ruti zote za siku, mara nyingi ndiyo inayobaki mfukoni mwake baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari. Kwa hiyo anayemwambia konda "ingia ndani, utaanguka" ajue anamwambia pia arudi nyumbani mikono mitupu.

Sisi tunaoandika haya ni wa pande mbili: wa usukani na gereji, na wa chumba cha dharura hospitalini. Tulipolinganisha maneno tuliona jambo moja waziwazi: jeraha husema mtu alikuwa ameshika wapi. Wa mlangoni huja na nyonga, paja na vidole. Wa ngazi ya nyuma huja na kisogo, au haji kabisa kwa sababu gari lililofuata halikuwahi kusimama. Wa juu ya keria huja na shingo na uti wa mgongo. Ukilijua hilo unajua pia nini kifanyike, kwenye gari na kwa majeruhi.

Tuanze na mlango, maana ndiko waliko wengi. Tunaendesha upande wa kushoto, na mlango wa abiria uko kushoto. Gari likikata kona ya kulia, mwili wa aliye mlangoni unasukumwa nje. Kwenye kipilefti magari yetu huzunguka kwa kukunja kulia muda wote, kwa hiyo kipilefti ni mahali pa kumtupa konda nje kuanzia unapoingia hadi unapotoka. Fanya hesabu: kilomita 30 kwa saa, mzunguko wenye nusu kipenyo cha mita 20, mtu wa kilo 60. Nguvu inayomvuta nje ni sawa na uzito wa kilo 21 hivi, yaani debe la mahindi limefungwa kiunoni na linaning'inia upande wa barabarani. Mkono mmoja unaweza kuhimili hilo kama vidole vimekauka na bati halina mafuta. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, mvuto wa kwenda mbele kwa mtu huyohuyo unapita kilo 35, na mkono uleule mmoja ndio wa kuubeba.

Akichomoka, kinachoamua si mwendo peke yake. Kwenye Hiace, kutoka ukingo wa nyuma wa mlango hadi tairi la nyuma hakufiki hatua moja ya mtu mzima. Gari likiwa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa kutoka kituoni tu, mita moja inapita chini ya sehemu ya tano ya sekunde. Hakuna binadamu wa kujiviringisha kando kwa muda huo. Dereva naye, hata akiwa macho makavu, hutumia karibu sekunde moja kabla mguu haujagusa breki, na katika sekunde hiyo gari limeshakwenda mita tano na nusu. Tairi limeshapita. Coaster ina mlango mbali kidogo na tairi za nyuma, lakini tairi hizo ni pacha, na pacha zikipanda juu ya paja huvuta ngozi huku zikizunguka. Ndiyo maana tunawaambia madereva kwamba mita 20 za kuondoka kituoni zinatutisha kuliko mteremko wa Mbalizi. Kule kwenye mteremko kila mtu ana woga wake. Hapa kituoni kila mtu anapiga kelele "twende, twende".

Mwendo mkubwa una ubaya wake mwingine. Kilomita 30 kwa saa, ukigonga kitu kisichosogea, ni sawa na kuanguka mita tatu na nusu. Kilomita 50 ni karibu mita 10, sawa na kudondoka kutoka kilele cha nguzo ya umeme. Anayeangukia lami tupu akateleza hupoteza ngozi nyingi na mara nyingine huokoa mifupa. Anayeangukia kingo ya mtaro wa mawe, na mitaro ya mawe kwenye miji yetu ya milimani ni mirefu kwa sababu ya mvua, husimama papo hapo, na uzito wote unaishia mwilini.

Abiria anayeshuka gari halijasimama ana kisa chake. Makonda humwambia atangulize mguu wa kushoto, na wana sababu: mguu wa kushoto ukitangulia, uso unaelekea gari linakokwenda. Anayetanguliza wa kulia hushuka ametazama nyuma; miguu inasimama, kiwiliwili kinaendelea, anatua kwa kisogo. Mama mwenye mtoto mgongoni akianguka hivyo, anayetua kwanza ni mtoto. Lakini mguu wa kushoto haugeuzi gari linalotembea kuwa limesimama. Abiria ana haki ya kubaki kwenye kizingiti akisema, "Kaka, simamisha kwanza." Wachache husema, wakiona haya kuchelewesha wenzao.

Sasa mlango wenyewe. Mlango wa Hiace hufunguka kwa kusukumwa nyuma, juu ya reli tatu: ya juu, ya kati ambayo iko nje ubavuni, na ya chini kizingitini. Una uzito usiopungua debe la mahindi. Ukiwa wazi kabisa hukamatwa na kidoko kidogo ili usirudi. Kidoko hicho kikilika, gari likishuka mlima au likifunga breki, mlango unakuja mbele wenyewe na kukutana na vidole vya konda, goti lake, au kichwa cha mtoto anayechungulia. Gari likipanda mlima, mambo yanageuka: kitasa kilicholegea kikiachia, mlango unarudi nyuma na kujifungua, na aliyeegemea anatoka nao. Mji wa tambarare unaweza kuishi na mlango wa hivyo miaka. Kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, au kushuka Iwambi kwenda Mbalizi, hauishi nao hata siku.

Kuupima ni kazi ya dakika tano. Egesha gari kwenye mteremko, pua ikitazama chini, weka breki ya mkono na kigingi kwenye tairi, fungua mlango hadi mwisho, uachie. Ukisogea, kidoko kimekwisha. Kisha shika ukingo wa nyuma wa mlango uliofunguliwa nusu, unyanyue na kuushusha. Ukicheza na kugonga, rola ya kati imelika, na hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Badilisha rola; usipige nyundo reli ili ibane, maana baada ya wiki mbili mlango utakwama nusu na konda atauacha wazi moja kwa moja. Osha reli ya chini kwa maji kabla ya kupaka grisi, kwa sababu grisi juu ya vumbi jekundu huwa msasa.

Kuna marekebisho mengine mawili ya gharama ndogo. Kizingiti kilichosuguka hadi kung'aa kifunikwe na mpira wa tairi chakavu, ukatwe na kupigwa ribiti, upande wenye kashata, yaani meno ya tairi, ukitazama juu. Na bomba la kushikilia lichomelewe ndani ya mlango, nyuma ya nguzo, lisikae nje. Bomba la nje linamwalika mtu aning'inie. La ndani linamvuta mwili wote uwe ndani ya bati. Pesa ziingie kwenye kibegi cha kiunoni. Konda mwenye mikono miwili huru anatofautiana sana na mwenye mkono mmoja na rundo la noti.

Jambo ambalo madereva wengi hawalifikirii ni upana. Dereva hupima nafasi kwa kioo cha pembeni: kioo kikipita, gari limepita. Lakini makalio na mgongo wa konda anayening'inia hutokeza nje kuliko kioo. Kwa hiyo dereva anaona kioo kimeikwepa nguzo ya umeme, au ubavu wa Fuso lililoegeshwa, kumbe nyonga ya mwenzake haikukwepa. Ajali za namna hii hutokea kwa mwendo wa kutambaa, kwenye lango la stendi au kwenye foleni daladala mbili zinapogombea kituo. Hakuna kelele kubwa. Konda anabanwa, anazungushwa katikati ya bati mbili kama nguo inayokamuliwa, kisha anaachiwa. Nje ana mchubuko tu. Ndani nyonga imevunjika, au ngozi ya paja imeachana na nyama iliyo chini yake na damu inajaa kwenye mfuko huo. Siku ya kwanza paja hubonyea kama lina maji, siku ya tano ngozi inageuka nyeusi. Majeruhi wa hivyo asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu.

Ngazi ya nyuma haina mengi ya kueleza. Utingo hupanda kushusha mzigo, gari linaondoka kabla hajateremka, naye anaona afadhali abaki palepale hadi kituo kinachofuata. Akidondoka, gari lake halimkanyagi. Linalofuata ndilo. Kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, nyuma ya basi kuna lori, na nyuma ya lori kuna lori. Lori lenye mzigo likiwa kilomita 50 kwa saa linahitaji mita 40 au zaidi kusimama kwenye lami kavu, na sote tunajua huwa yanaachiana nafasi gani. Kwenye barabara za vumbi hata dereva mwangalifu haoni kitu. Dawa ni moja: dereva asiingize gia kabla utingo hajafika pembeni na kuonekana kwenye kioo. Kugonga bodi hakutoshi. Bodi hugongwa na yeyote, hata mpiga debe.

Watoto wa shule wanaodandia bampa nyuma ya malori yanayopanda mlima polepole wako kundi hilohilo, pamoja na waendesha baiskeli wanaoshika lori mkono mmoja ili liwavute. Wanafunzi hatuwezi kuwalaumu sana. Nauli yao ni ndogo, konda huwaacha kituoni hadi watu wazima waishe, na kengele ya shule haiwasubiri.

Juu ya keria hukaa watu siku za gulio, hasa kwenye Fuso na mabasi ya vijijini yanayotoka Umalila, Kitulo au Ludewa na viazi, mbao na parachichi. Urefu wa kuanguka ni mita tatu hivi hata gari likiwa limesimama, na mtu hutua kwa kichwa au makalio. Matawi ya mikaratusi, waya zilizolegea na boriti ya lango la stendi humkuta aliyegeuka nyuma kuzungumza na mwenzake. Magunia ya lumbesa, kilo 100 na kuzidi, huteleza yakilowa. Anayelala juu yake hulala juu ya kitu kitakachomfuata akianguka. Isitoshe, kila mtu na kila gunia la juu husogeza kitovu cha uzito wa gari kwenda juu, na kona iliyopitika kwa kilomita 40 asubuhi inaweza kulilaza jioni.

Na kuna baridi, jambo ambalo wenzetu wa pwani hawalijui. Juni hadi Agosti, alfajiri, ukungu ukiwa umelala Isyonje au njia ya Makete, chuma cha ngazi huwa kama barafu. Vidole hufa ganzi dakika chache tu, na mtu hudhani bado ameshika vizuri kumbe vidole vimeshaanza kufunguka. Glavu za sufu haziokoi, zikilowa huteleza. Bora mikono iwe ndani ya gari.

Mtu akishaanguka, jambo la kwanza si yeye, ni magari. Mtu mmoja akimbie mita 50 nyuma, kwenye mteremko mita 100, akate matawi na kuyapanga barabarani. Mwingine afanye hivyo mbele kama kuna kona. Mwingine apige namba ya dharura, 112. Hapo ndipo mnamkaribia.

Msimnyanyue kama gunia, huyu mkono, yule mguu. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa pande zote mbili kisigeuke, aseme naye: "Baba, usitikise shingo, tupo hapa." Kama anatapika, ageuzwe ubavu wote kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda mara moja kwa hesabu ya tatu.

Damu inayotoka ibanwe kwa khanga iliyokunjwa, kiganja juu yake, dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Ikiwa inaruka na kubana hakusaidii, na jeraha liko mguuni au mkononi, funga kitambaa chenye upana wa vidole vitatu, juu ya jeraha kwa cm 5 hadi 7, kisiwe kwenye kiungo. Pitisha kijiti, zungusha hadi damu ikome, kisha andika saa kwenye ngozi yake kwa kalamu. Msifungue njiani "damu ipite kidogo". Kamba ya katani na waya hukata nyama, msizitumie.

Anayelalamika nyonga au kinena baada ya kukanyagwa au kubanwa, mchukulie kuwa nyonga imevunjika hadi picha ionyeshe vinginevyo. Msiitikise kupima. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Paja likivunjika linaweza kumeza lita moja na nusu bila tone kuonekana nje, na nyonga humeza zaidi ya hapo. Kunja kitenge hadi upana wa cm 20, kipitishe chini ya mgongo kwenye uwazi wa kiuno, kiteremsheni hadi usawa wa mifuko ya suruali, pale mfupa unapotokeza pembeni ya paja. Wengi hufunga kiunoni, na huko hakusaidii kitu. Watu wawili wavute kwa kupishana, wafunge fundo, kisha magoti yafungwe pamoja na miguu pamoja.

Kidole kilichokatwa na mlango kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingie kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji ya baridi. Barafu isiguse kidole. Ngozi iliyochunwa isikatwe hata ikining'inia. Irudishwe mahali pake polepole na kufunikwa. Petroli, majivu, dawa ya meno na mafuta ya breki vibaki gereji.

Maji au soda asipewe, hata akiomba kwa machozi, maana anaweza kuingia chumba cha upasuaji ndani ya saa moja. Apewe blanketi. Kwa baridi ya huku, mtu aliyelala kwenye lami yenye umande hupoa haraka, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Asafirishwe amelala, kwenye ubao au benchi, sakafuni mwa Noah au pikapu yenye godoro. Bajaji inamkunja.

Wapi? Mahali pa karibu penye uwezo wa kuongeza damu. Upande wa Mbalizi kuna Ifisi, njia ya Igawa kuna Chimala, Wanging'ombe kuna Ilembula, Makete kuna Ikonda; mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na ya Mkoa Iringa. Zahanati isiyo na damu itampotezea aliyevunjika nyonga nusu saa ambayo hana. Ndugu wawili watatu wenye afya wafuatane naye kuchangia damu. Mmoja wenu aende polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wa pili asibanduke kwa mgonjwa. Sindano ya pepopunda iulizwe hata kama jeraha ni dogo.

Wanaotuumiza roho ni wale wanaoinuka, kujipangusa vumbi, kusema "niko poa" na kumaliza ruti. Mtu wa hivyo aangaliwe saa 24. Bega la kushoto likimuuma bila kuguswa, huenda wengu limepasuka na damu inachoma chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mkojo mwekundu, tumbo gumu, kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida: hospitali usiku huohuo. Mguu uliobanwa ukizidi kuuma badala ya kupungua, ukiwa mgumu kama ubao, na maumivu yakipanda mtu akimkunjulia vidole, nyama ndani inakosa damu. Ana saa sita hivi kabla misuli haijafa. Mabanzi ya fundi wa mifupa wa kienyeji, yaliyokazwa sana, huleta hali hiihii. Yakatwe mara moja na aende hospitali.

Picha ya namba ya gari ipigwe kabla halijasogezwa, ionekane na mahali lilipo. Kwa namba hiyo bima ya gari hutafutwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Kwa konda na deiwaka, yaani anayeshika kazi kwa siku tu, kuna tatizo la ziada: wengi hawana mkataba wa maandishi, na tajiri anaweza kusema hamjui. Ushahidi wa kazi yao ni daftari la hesabu na meseji za pesa zilizotumwa kwa tajiri kila jioni kwa simu. Simu yake ikipatikana pale barabarani, akabidhiwe ndugu, na meseji hizo zisifutwe.